Ofisini wamemwambia binti afunue uso: je, wana haki?

SWALI: Wakili, assalaamu alaykum. Binti yangu ana miaka 19, anasomea uuguzi hapa Tanga, mwaka wa kwanza. Tangu Ramadhani iliyopita anavaa nikabu, na hakuna aliyemlazimisha. Juzi alikwenda ofisi moja kupigwa picha ya kitambulisho. Kijana wa kwenye kompyuta akamwambia mbele ya foleni nzima, "Wewe ninja, toa hilo tambara." Alirudi nyumbani analia, na picha hakupigwa. Ustadhi wake anasema kufunika uso ni faradhi isiyo na mjadala, na anayemtaka aufunue anamdhulumu. Shemeji yangu naye, baba yake mdogo, anasema hiyo si dini bali mila ya Waarabu, na kwamba Ufaransa na Chad wamepiga marufuku kwa sababu ya ugaidi, sisi tunangoja nini. Nyumba imegawanyika, hata chakula cha jioni hakiliki kwa amani. Nani mkweli? — Mama Z., Makorora, Tanga.

JIBU: Waalaykumu salaam, Mama Z. Pole, na mfikishie binti salamu zangu. Kijana yule alikuwa na haki ya kuomba kuuona uso. Namna aliyoomba hakuwa na haki nayo, wala mahali alipoombea, na neno "tambara" ni la kumlalamikia kwa maandishi. Nitaeleza chini namna ya kufanya.

Ningeweza kuishia hapo, ila umeuliza nani mkweli, na ninavyowasikia watu wako, kila mmoja anajibu swali lake akidhani wenzake wanajibu hilo hilo. Ustadhi anajibu mwanamke afunike nini mbele ya asiye maharimu wake, yaani mwanamume anayeweza kumwoa. Shemeji anajibu dola iwafanye nini watu inaowaogopa. Binti, kwa machozi yake, ameuliza jingine kabisa: nani anaweza kuniamuru nifunue, wapi, na kwa muda gani? Mimi naona swali lake ndilo lenye faida.

Nianze na ustadhi, maana ndiye anayesikilizwa. Mimi ni wakili, fatwa sitoi. Lakini nimekulia Ngamiani, darsa nimekaa, na vitabu hivi si siri. Aya inayobishaniwa zaidi ni ya 31 katika Surat an-Nur, pale wanawake waumini wanapoambiwa wasidhihirishe mapambo yao isipokuwa yale yanayodhihiri, na washushe shungi zao vifuani. Yanayodhihiri ni yapi? Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kuwa ni uso na viganja. Imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud kuwa ni nguo ya nje. Wote wawili ni masahaba, wote wawili ni bahari ya elimu ya Kurani, na hawakuafikiana. Mtu akikuambia jambo hili halina mjadala, mwulize huo mjadala wa masahaba ameupeleka wapi.

Madhehebu nayo yakafuata mikondo hiyo. Wahanafi na Wamaliki kwa asili yao hawauhesabu uso kuwa uchi, ila wengi waliongeza sharti la kuogopa fitna, yaani kuamsha matamanio. Wahanbali wamekaza zaidi. Hata kwa wanazuoni wa karne iliyopita ambao vijana wetu huwanukuu sana, Sheikh Ibn Baz wa Saudia alisema kufunika uso ni wajibu, na Sheikh Al-Albani, aliyekuwa mtu wa hadithi asiyetiliwa shaka na wafuasi wa mkondo huo huo, akaandika kitabu kuonesha kwamba si wajibu, ijapokuwa yeye mwenyewe aliona ni bora kwa anayetaka.

Sasa njoo kwetu, pwani inayofuata madhehebu ya Shafii. Kitabu kilichofundishwa vibarazani mwetu vizazi na vizazi ni Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Hapo ustadhi ana pa kusimama, nisimdhulumu: Nawawi anasema kwa mwanamume kutazama uso na viganja vya mwanamke ajnabia, yaani asiye maharimu wake, ni haramu hata pasipo kuogopa fitna, kwa kauli aliyoiona sahihi. Ni msimamo mkali, na upo kwenye kitabu chetu wenyewe, haukuletwa na ndege kutoka Riyadh.

Lakini mwombe ustadhi asifunge kitabu mapema. Mlango ni huo huo, kurasa ni hizo hizo. Baada ya kukaza, Nawawi anafungua. Kutazama kunaruhusika kwa ajili ya matibabu. Kunaruhusika kwa ajili ya muamala, yaani kuuziana na kukopeshana, kwa ushahidi, kwa kufundisha na mfano wa hayo, na anaweka kipimo chake: kwa kadiri ya haja. Mwenye nia ya kuposa naye ana ruhusa yake ya uso na viganja. Mantiki yake ni nyepesi. Nikikuuzia shamba lazima ujue ni mimi niliyekuuzia, ili kesho nisikukane mbele ya kadhi. Shahidi anayesema "ni huyu" lazima awe ameona huyu ni nani.

Mama Z., kitambulisho ni nini kama si muamala na ushahidi kwa pamoja? Basi imamu huyo huyo aliye mkali juu ya uso ndiye aliyempa binti yako njia ya kupiga picha miaka mia tano na zaidi kabla ya kamera. Nikisikia mtu anasema kufunua kwa ajili ya picha ni kuvunja dini, huwa najiuliza kama alisoma mstari wa kwanza akaitwa kula.

Na kuna ihramu, hali ya ibada anayoingia mwenye kuhiji au kufanya umra. Katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Ibn Umar, mwanamke aliyehirimia anakatazwa kuvaa nikabu na glovu. Hadithi hii huvutwa pande mbili. Wa upande mmoja husema: unaona, katika ibada iliyo kubwa kabisa uso uko wazi kati ya maelfu ya watu. Wa upande wa pili husema: asingekatazwa kama vazi lenyewe lisingekuwa linavaliwa. Wote wamesema kweli. Nami napenda kuongeza ile riwaya ya Bibi Aisha katika Abu Daud, ambayo wanazuoni wameijadili sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake: kwamba wakiwa safarini katika ihramu, misafara ya wapanda vipando ikiwapitia, wanawake waliteremsha nguo usoni, na ikishapita, wakafunua.

Nikiisoma hiyo namwona bibi yangu mzaa mama, barabara ya nane. Alivaa buibui la kamba. Akikaribia baraza la wanaume wanaocheza bao, kipande cha juu kinashuka usoni, anapita kama kivuli, salamu anaitikia kwa mbali. Akifika sokoni kwa muuza samaki, kipande kinapanda. Alikuwa akisema huwezi kuvutana bei ya kolekole umefunga mdomo. Hakuna aliyemwona mnafiki. Kila mtu mtaani alijua kwamba kufunika kuna mahali pake na kufunua kuna haja yake, na anayepima ni yeye mwenyewe.

Hapo nimeshaingia kwa shemeji yako. "Mila ya Waarabu." Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, yeye alifunika uso kwa nini? Kwa barakoa. Neno hilo halikutungwa wizarani. Ni la pwani, la zamani: barakoa ilikuwa kifuniko cha uso cha mabibi wakubwa wa Kiarabu wa Unguja, na Sayyida Salme binti Said alikieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Asili yake ni Kiarabu, burqu', ambalo ndilo lililozaa "burka" anayoiogopa shemeji. Amekaa na burka masikioni miezi kadhaa asijue.

Lakini nisimchezee tu, maana ana nusu ya ukweli. Vazi hili la sasa, jeusi tupu, macho peke yake, na glovu na soksi, bibi yangu hakulijua. Limeenea kuanzia miaka ya 1980, na vijana waliorudi kutoka masomoni Saudia, kwa kanda za mawaidha, baadaye kwa televisheni za dishi na simu. Bibi yangu alijua buibui, ukaya, yaani kitambaa cha kujifunika kichwani, na kanga ya kujitanda. Kwa hiyo umbo ni jipya. Wazo la mwanamke kujifunika uso si jipya hata kidogo, na historia yake hapa kwetu ina jambo ambalo shemeji angelijua angenyamaza kidogo.

Zamani, kujifunika hakukuwa kwa kila mtu. Lamu na Mombasa bibi mwungwana alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa, yeye katikati haonekani. Waliobeba nguzo walionekana. Mtumwa hakuruhusiwa kujistiri kama bibi yake. Kichwa wazi na bega wazi ndizo zilizokuwa alama ya kumilikiwa. Utumwa ukafutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na huku Tanganyika mwaka 1922 chini ya Mwingereza. Wanawake waliotoka utumwani wakafanya nini? Wakavaa kile walichonyimwa. Wakajitanda kanga, wakajifunika ukaya, na miongo ya kwanza ya karne ya 20 buibui likaenea mpaka ikawa mitaani huwezi kujua nani mjukuu wa bwana na nani mjukuu wa mtumwa. Kwa wanawake wale, kumwambia mtu "huna amri ya kuniona" ilikuwa ndiyo maana ya kuwa huru. Naomba kila anayesema vazi hili ni la kutawaliwa tu akumbuke kwamba katika pwani hii walitangulia kutawaliwa wale waliokatazwa kulivaa.

Sisemi hayo kumshawishi mtu alivae. Mimi najitanda ushungi, uso siufuniki, na wako wanawake wanaofunikwa kwa nguvu na waume na kaka zao. Hao nimewahi kuwatetea ofisini kwangu. Umeniambia binti hakulazimishwa, nami nakuamini, ila kaa naye peke yenu, bila ustadhi wala shemeji, umwulize tena taratibu. Ana miaka 19. Jibu lake ndilo la kufuata, hata lisipokupendeza wewe.

Sasa Ufaransa. Shemeji anasema walipiga marufuku kwa ajili ya ugaidi. Tuiangalie sheria yenyewe. Ilipita Oktoba 2010, ikaanza kutumika tarehe 11 Aprili 2011: mtu asivae mahali pa umma vazi lililokusudiwa kuficha uso, faini hadi yuro 150. Dini haitajwi, lakini kila mtu alijua inamlenga nani. Serikali yao ilikuwa imekadiria wavaaji kuwa wapatao 1,900 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60.

Mwanamke mmoja, raia wa Ufaransa mwenye asili ya Pakistani, akaishitaki nchi yake kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Sikiliza alichoiambia mahakama: havai nikabu kila siku, na yuko tayari kufunua benki, uwanja wa ndege na popote anapotakiwa kujulikana ni nani. Alichotaka ni kupita njiani akiwa amefunika pale moyo wake unapotaka. Ndilo swali la binti yako, na ndiyo kadiri ya haja ya Nawawi, imesemwa kwa Kifaransa.

Hukumu ilitoka tarehe 1 Julai 2014. Ufaransa ikashinda, shemeji atafurahi. Lakini hoja ya usalama mahakama iliikataa. Ilisema kukataza moja kwa moja, kila mahali, kwa ajili ya usalama, ni kuzidisha, maana ingetosha kumtaka mtu afunue pale penye hatari au anapokaguliwa kitambulisho. Sheria ilipona kwa hoja nyingine, ya "kuishi pamoja": kwamba jamii ina haki ya kutaka watu waonane nyuso ili waishi kama majirani. Miaka minne baadaye, Oktoba 2018, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikaangalia malalamiko ya wanawake wawili waliotozwa faini kwa sheria hiyo hiyo, ikasema haki zao zilivunjwa. Kwa hiyo hata huko Ulaya neno halijaisha. Uswisi walipiga kura Machi 2021, marufuku ikapita kwa asilimia 51.2, nusu ya nchi na kidogo tu, na imeanza kutumika Januari 2025.

Hoja ya kuishi pamoja naiheshimu kuliko ya ugaidi, nikiri. Uso ni salamu. Lakini ni hoja ya watu waliozoea namna moja ya kusalimiana. Hapa Tanga tunamjua Bi fulani kwa mwendo wake, kwa sauti ya hodi yake, kwa udi alioufukiza. Sijawahi kusikia mtu wa Ngamiani ameshindwa kuishi na jirani yake kwa sababu ya nikabu. Kwa sababu ya mpaka wa ua, hao ninao kila wiki.

Chad ni habari nzito, si ya mzaha. Juni 2015 washambuliaji wa kujitoa mhanga walilipua N'Djamena, wakafa watu zaidi ya thelathini, na siku mbili baadaye serikali ikapiga marufuku vazi la kufunika uso. Siwalaumu kwa kuogopa. Lakini mwezi uliofuata, Julai, marufuku ikiwa tayari ipo, mwanamume aliyejivika kama mwanamke aliyefunika uso alisimamishwa kwenye lango la soko kuu akaguliwe, akajilipua, akaua watu zaidi ya kumi. Asiyejali kufa hajali faini. Kilichomzuia asiingie katikati ya soko ni mkaguzi wa langoni, na mkaguzi wa langoni unaweza kumweka bila kumkataza binti wa watu kupita Makorora akienda zake chuoni.

Kwetu Tanzania hakuna sheria inayokataza nikabu barabarani. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa mtu katika mambo ya imani ya dini. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuuwekea uhuru huo mipaka kwa ajili ya haki za wengine, usalama, afya na kadhalika. Neno la kushika ni sheria. Kijana wa kwenye kompyuta si sheria, wala mlinzi wa mlangoni, wala mimi. Akikutaka ufanye jambo, ana wajibu wa kuonesha utaratibu unaomtuma.

Katika picha ya kitambulisho utaratibu upo, na unaeleweka: uso wote uonekane, kidevu hadi paji. Pasipoti za kielektroniki tulizoanza kuzitoa mwaka 2018 zinafuata vipimo vya kimataifa, na vipimo hivyo vinaruhusu kichwa kufunikwa kwa sababu za dini mradi uso uko wazi. Mashine inapima macho, pua na taya; nikabu haiwezi kupita hapo, na tusidanganyane kwamba iko njia. Lakini hakuna utaratibu unaosema ni lazima apigwe picha na mwanamume, wala mbele ya foleni. Sheria yetu ya mwenendo wa jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa kuchunga heshima. Kama mtuhumiwa wa wizi analindiwa hilo, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kuchukua kitambulisho anashindwaje?

Umegusia uuguzi, nami nina neno ambalo binti hatalipenda. Darasani na njiani, nitamtetea. Wodini, sina hoja nyingi. Kitambaa kinachoning'inia kutoka kitanda hadi kitanda kinabeba vijidudu, hilo atafundishwa mwenyewe. Na wako wagonjwa viziwi wanaosoma midomo, wako wazee wanaotulia wakiona mtu anatabasamu. Chuo kikiwa na kanuni ya sare iliyoandikwa, ikatumika kwa wote na ikatoa sababu ya kitabibu, mahakama haitakuwa na haraka ya kuivunja. Nilichowahi kuona kikifanya kazi ni hiki: ushungi mfupi uliobana, na barakoa safi ya hospitali inayobadilishwa, ambayo tayari inafunika nusu ya uso. Nikabu inabaki kwenye mkoba mpaka zamu iishe. Na tabibu yumo kwenye orodha ya Nawawi, ustadhi akitaka kuuliza. Kwa mitihani, aombe mapema msimamizi wa kike amtambue pembeni kabla ya kuingia.

Turudi ofisini. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa ofisi ile: tarehe, saa, dirisha, na maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa. Msiandike habari za khilafu, yaani tofauti za wanazuoni, wala za Ufaransa. Ombeni mambo mawili tu: apigwe picha na mfanyakazi wa kike mahali pa faragha, hata kama ni nyuma ya pazia la kanga mlilolileta wenyewe, na yule kijana aelekezwe namna ya kusema na watu. Nakala mbaki nayo, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kabisa, Katiba inampa aliyeumizwa njia ya kwenda Mahakama Kuu, na aliyeumizwa hapa ni yeye mwenyewe, ndiye atakayelalamika kwa jina lake, si ustadhi kwa niaba yake. Sidhani mtafika huko. Ofisi nyingi zikiona muhuri kwenye nakala, mama wa kupiga picha hupatikana.

Siku ya kwenda, afuatane nawe, si na shemeji. Aende asubuhi kabla foleni haijajaa, aulize kwanza kama yuko mfanyakazi wa kike. Akiambiwa leo hayupo, aulize atakuwapo siku gani, aandike siku hiyo na jina la aliyemjibu, mbele yake.